Gololi Iliyokosa Kengele

Banjul, 7 Mei

Shangazi yangu Filije,

Bado naisikia ile kengele. Nikiandika ubaoni naisikia, nikiparua samaki naisikia. *Ting* moja, kisha kimya, kwa sababu ndani ya kila pipa tulimwaga mchanga ili gololi isigonge chuma mara ya pili. Siku nzima nilikaa kwenye ile meza mbele ya pazia, hapo Farokoto. Nilimpa kila mtu gololi yake ya kura, akaingia kuitumbukiza kwenye pipa la amtakaye, nikasubiri *ting*, akatoka. Kazi ya karani wa kura ni kusubiri tu. Kengele ikilia mara mbili kwa mtu mmoja, huyo ni mwizi. Hata baiskeli zilikatazwa kupita karibu na kituo, tusije tukahesabu kengele ya mpanda baiskeli kuwa ni ya mpiga kura.

Matokeo mnayajua kabla yetu huku. Baba Mdogo Sankung na Fodali Jatta wametoka sare katika udiwani. Sijui nicheke au nilie. Fedha za halmashauri mwaka huu zinatosha kitu kimoja katika kata yetu: ghala la karanga analolitaka Baba Mdogo, au daraja la kwenda mashamba ya mpunga ambalo Fodali amewaahidi wanawake. Ghala na daraja, mchanga na matope, wanaume juu kwenye karanga na wanawake chini kwenye mpunga. Nawafundisha watoto kwamba nchi yetu ni mto na kingo zake mbili tu, lakini kata yetu imeweza kugawanyika hata kwenye ukingo mmoja.

Kuna jambo jingine. Gololi zilipopangwa kwenye zile trei za matundu za kuhesabia, tundu moja la mwisho lilibaki wazi. Watu waliochovya kidole kwenye wino wamezidi gololi kwa mmoja. Bwana Njie, msimamizi wa uchaguzi, ameniandikia nieleze gololi moja ya meza yangu imekwenda wapi. Anasema ziko zinazotolewa nje zimefichwa mdomoni au mfukoni zikauzwe, kisha mtu mmoja aje aziangushe zote. Ameandika "mdomoni" akapiga mstari chini yake.

Shangazi, uliingia asubuhi, baada ya yule mzee wa Jattakunda, kwa akina Fodali, mwenye kofia ya manyoya. Je, kule ndani uliona mtu ameangusha kitu mchangani, nje ya mapipa? Nakuuliza wewe kwa kuwa una macho. Na samahani kwa swali jingine dogo: mbona ulitoka bila kuniaga? Wewe, ambaye hata mbuzi ukimpita unamuuliza hali ya watoto wake!

Nakubusu mikono.
Mtoto wako,
Nyima


Farokoto, 15 Mei

Mama yangu Nyima,

Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, kwa hiyo ukinijibu nijibu kama mzazi anavyomjibu mwanawe, kwa upole. Amani iko? Amani tu. Unaolala nao nyumba moja hawajambo? Wanafunzi wako hawajambo? Samaki wa Banjul hawajambo? Sisi hatujambo, ila joto limekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Yule wa posta wa melini anasema herufi zangu za Kiarabu zinafanana na siafu waliomwagiwa maji. Nikamwambia siafu hao wanajua njia ya Banjul kuliko yeye.

Juzi mtani wetu Fodali Jatta aliingia uani bila hodi, akafunua sufuria yangu.

"Watumwa wangu wa Farokoto, leo mmepika nini?"

"Mchuzi wa karanga. Tulipoona mtu wa Jattakunda anakuja tukaongeza maji."

"Ongeza na wali. Diwani hanyweshwi maji."

"Diwani gani? Wewe na mdogo wangu mmetoka sare kama vipofu wawili wanaovuta kamba, kila mmoja anadhani mwenzake ni mti."

Alicheka hadi akakohoa. Akala, akalamba vidole, akaondoka na kuku wangu mwekundu kwapani. Ningemzuia vipi? Mtani akichukua, ukimnyang'anya unajitafutia balaa. Acha. Mvua zikianza nitakwenda kumchukua mbuzi wake.

Kuhusu ulichouliza, sikuona kitu mchangani. Siku hizi sitazami chini sana, nikitazama chini goti linanikumbusha. Na kutokuaga, mama, nilikuwa na kokwa ya kola mdomoni, natafuna. Mtu mzima haongei na kola mdomoni mbele ya meza ya serikali. Je, hukunifunza hivyo wewe mwenyewe?

Mwambie huyo Bwana Njie gololi ni kitu cha mviringo. Kitu cha mviringo huviringika.

Mwanao,
Filije

Hilo la goti usimwandikie Sankung. Nimelitaja tu.


Farokoto, 17 Mei

Kwa binti yangu, Mwalimu Nyima Sanyang,

Salamu nyingi. Najua dada yangu amekuandikia, na najua amekuandikia upuuzi, kwa hiyo mimi nitaandika mambo.

Uchaguzi unarudiwa Juni, kabla ya kupanda. Fodali anazunguka na lile daraja lake mdomoni. Anaongea vizuri, yule mlafi. Mimi nina ghala, lakini ghala halijui kuongea. Wewe uliona msimu uliopita: karanga za chama cha ushirika zililala nje, mvua ya ghafla ikanyesha, rundo lote likaota ukungu. Nusu ya watu wetu sasa wanavusha karanga zao mpakani kuwauzia watu wa Senegali, kisha tunashangaa kwa nini serikali yetu haina senti. Nchi hii yote inakula kutoka kwenye ganda moja la karanga, na hilo ganda tunaliacha lirowe.

Niandikie maneno ya kusema barazani. Yawe mazito lakini yasiwe marefu, wazee wanasinzia. Sikukusomesha kwa karanga ili uniandikie salamu za Idi peke yake.

Kura za nyumbani sina wasiwasi nazo. Dada Filije alinipa yake, bila shaka. Nilimuona akitoka na uso wa mtu aliyetimiza wajibu.

Baba yako mdogo,
Sankung Sanyang


Banjul, 24 Mei

Shangazi,

Nimeisoma barua yako, nikacheka, kisha nikaisoma tena bila kucheka.

Mimi si mtu wa maneno mengi, unajua. Tangu utoto nilikuwa nakaa kwenye kizingiti chako nikisikiliza nyumba. Nilijua ni nani anatwanga kwa mlio wa mchi tu. Mchi wako ulikuwa na pumzi kati ya pigo na pigo, kwa sababu ulikuwa hujamaliza kusimulia. Kwa hiyo usinidhanie kwamba siku ile, nilipokuwa na kazi moja tu ya kusikiliza, sikusikiliza.

Uliingia. Nikasubiri. Nilisikia nguo yako ikigusa pazia. Nilisikia miguu yako, mmoja mzito kuliko mwingine, ikienda upande mmoja, ikarudi upande wa pili, ikarudi tena. Kisha ukatoka, ukanipita, na mimi nikamkabidhi gololi aliyekufuata, kana kwamba kengele ililia. Haikulia, Shangazi. Sheria inasema ningekusimamisha. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye mkebe wa gololi kabla akili yangu haijakubali.

Bwana Njie anataka jibu. Ameandika kwamba karani ambaye meza yake imepoteza gololi hawezi kuaminiwa darasani pia, na kwamba barua itakwenda kwa mwalimu mkuu. Sikuandikii hili kukutisha. Nakuandikia kwa sababu nisipolisema, litakaa kati yetu, na mimi sina shangazi mwingine.

Sikuulizi kama uliiuza. Ningejua hata kama ningekuwa kiziwi kwamba hukuiuza. Nakuuliza nini kilikutokea mle ndani. Na goti lina nini?

Baba Mdogo ananiomba hotuba. Anasema kura yako anayo. Sijamjibu.

Wako daima,
Nyima


Farokoto, 2 Juni

Mama,

Mkebe huu wa siagi ya karanga anakuletea mke wa nahodha wa meli. Usiule kwa pupa. Chimba taratibu, hasa karibu na chini.

Sasa nakuambia, na ukishasoma tia barua hii jikoni.

Unakumbuka magogo tunayovukia kwenda mpunga, pale kwenye mkono wa maji ya chumvi, katikati ya mikoko. Mwaka jana, kabla ya kuvuna, nilikuwa na kikapu kichwani nikateleza. Mguu mmoja uliingia kati ya magogo mawili ukabaki humo, na maji yakawa yanapanda, kwa maana mto wetu, hata ukiwa mbali na bahari kiasi hiki, bado unapanda na kushuka nayo. Wenzangu walifungua vilemba vyao, wakavifunga kimoja kwa kingine, wakanivuta. Maji yalikuwa yameshanifika kifuani. Tulikubaliana kwamba hakuna wa kusema nyumbani. Tulirudi tukiimba, mama, ili wasitutazame miguu.

Kwa nini nilimficha Sankung? Kwa sababu ananipenda. Angesema, "Dada, pumzika." Kupumzika ni neno tamu, lakini shamba la mpunga halilijui. Mkono ukitoka, unaingia mwingine. Angempa mke wake mdogo, naye ni msichana mzuri, ila lile ni shamba la mama yangu, mama yake alilipasua mikokoni kwa mikono, na baada yangu lina jina lako. Mwaka huu bila daraja sitafika. Najua. Goti limeshanijulisha.

Basi nikaingia nyuma ya pazia na gololi yako mkononi. Pipa la kijani lina picha ya mdogo wangu, niliyembeba mgongoni mpaka kanga zangu zote zikawa na umbo lake. Pipa la manjano lina picha ya mtumbwi, na nyuma yake yule mwizi wa kuku. Mkono ulikwenda kulia, ukarudi. Ulikwenda kushoto, ukarudi. Nikimpa Sankung nimejizika kwenye matope. Nikimpa Fodali nimemwangusha mwanangu kutoka mgongoni. Nikaitia mdomoni, chini ya ulimi, kando ya kola, nikatoka. Nilidhani katika gololi nyingi hivyo moja haitaonekana. Sikujua kwamba nyinyi mna matundu.

Ningekuaga vipi? Ningefungua mdomo, ingeanguka kwenye meza yako.

Mwambie Bwana Njie ni mimi. Aje anikamate, ila aje na mtu wa kunibeba.

Mwanao mkaidi,
Filije


Banjul, 10 Juni

Shangazi yangu,

Gololi niliipata kwa jino. Mwenzangu wa chumbani, Haddy, anasema siku hizi mnasaga karanga na maganda yake.

Barua nimeichoma. Gololi nimeipeleka kwa Bwana Njie, nikaiweka mezani pake. Bado ilikuwa na mafuta, ikaviringika hadi kwenye kalamu zake.

"Aliyeitoa ni nani?"

"Sitamtaja. Hakuiuza. Hakujua aitie wapi. Mimi nilijua kwamba kengele haikulia nikanyamaza, kwa hiyo kosa la meza ni langu."

Akaizuia gololi kwa kidole. "Wewe ni mwalimu. Mwanafunzi akimficha mwenzake unamfanya nini?"

"Namweka nje ya darasa."

"Basi kaa nje."

Amelifuta jina langu kwenye orodha ya makarani. Barua kwa mwalimu mkuu ameikunja akaitupa. Nilipofika mlangoni akauliza kama kwetu karanga za siagi tunazikaanga kwanza. Nimempelekea kikombe.

Karani hapigi kura kwenye kituo anachokisimamia, lakini mimi si karani tena, na jina langu limeandikishwa Farokoto tangu nilipofikia umri. Ninakuja na meli. Hotuba ya Baba Mdogo nimeiandika, na nimeiandika vizuri kadiri nilivyoweza, kwa sababu ghala ni hoja ya kweli na ada yangu yote ilikuwa karanga. Nilipomaliza nilikaa nikaitazama kama mtu aliyepika chakula asichoweza kukila.

Niambie nifanye nini.

Nyima


Farokoto, 14 Juni

Mama,

Sikuambii. Ningekuwa najua, tusingepoteza gololi.

Njoo na vitunguu, huku vimeadimika. Njoo na bega, nataka kitu cha kushika kutoka nyumbani hadi kituoni. Na safari hii siendi na kola.

Filije


Melini, 22 Juni

Shangazi,

Tumeshaondoka gatini. Nimekaa juu ya magunia, upande wenye kivuli, na nakuandikia kabla kengele ya leo haijachanganyika na ile ya zamani.

Kuna jambo hulijui. Asubuhi, ulipokuwa unajifunga kilemba na kumtukana jogoo, nilikwenda kwa Baba Mdogo. Alikuwa anakoroga chai, amevaa lile kanzu la bluu. Alikuwa na furaha bado kwa ajili ya hotuba.

"Mwalimu! Uliwaona barazani? Mzee Yusufa alifuta machozi. Hata mimi mwenyewe niliposoma pale pa karanga zilizorowa nilitaka kulia, na karanga zenyewe ni zangu!"

"Baba, kuna neno nataka kukuambia, kisha unifukuze."

"Sema. Siwezi kukufukuza kabla ya kura."

Nikamwambia. Sikumwambia habari ya gololi, hiyo ni yako. Nilimwambia habari ya magogo. Nilimwambia kuhusu maji kifuani na vile vilemba. Nilivunja ahadi yenu, na ukinikasirikia nitaipokea hasira yako kama nilivyopokea siagi. Nilimwambia kwamba kila ada niliyolipiwa ilitoka kwenye karanga zake, lakini kila wali niliokula nikakua hata nikaweza kwenda shule ulipita juu ya magogo yale, kichwani kwako. Na nikamwambia kura yangu inakwenda wapi.

Chai ilichemka ikamwagika kwenye makaa, na yeye alikuwa anaitazama.

"Maji yalimfika wapi?"

"Kifuani."

"Akarudi akiimba." Aliweka kikombe chini. "Siku ile nilimwambia, 'Dada, leo mna furaha gani nyinyi?' Akaniambia, 'Mpunga umeiva.'" Kisha akanikazia macho, na nilidhani sasa ndiyo nafukuzwa. "Na hotuba yangu? Ile hotuba haikukugusa hata wewe uliyeiandika?"

"Ilinigusa, Baba."

"Imewagusa wote isipokuwa mwandishi. Toka hapa. Toka, na uchukue karanga za safari, zile za kwenye kapu, siyo zilizorowa."

Alipokuja kituoni akakuta umeegemea bega langu, hakukuambia kitu, nawe ukadhani amekasirika kwa sababu ya foleni. Uliona alivyokwenda kukuletea kigoda? Aliketi chini kwenye vumbi kando yako, na kanzu lake la bluu, akakuuliza habari za kuku mwekundu. Na Fodali alivyopiga kelele kutoka upande wa pili, "Sankung, leo umekaa mahali panapokustahili, miguuni pa mtumwa wangu!" Ukamjibu, "Na mbuzi wako akae wapi? Nakuja kumchukua leo leo." Hata karani alicheka, akasahau kuchovya kidole cha mtu.

Mimi niliingia kabla yako. Kule ndani ni padogo kuliko nilivyodhani. Miezi yote hii nimekuwa nikisikiliza kutoka nje, sikujua kwamba ndani mtu anasikia moyo wake kwanza. Pipa la kijani lilikuwa kulia. Nililigusa kwa kiganja, hivi tu, kama mtu anavyogusa bega la mzazi anapompita.

Kisha nilisimama nje, mbali kidogo na meza, sina kazi. Ukaingia. Nikasikia miguu yako, mmoja mzito, ikienda upande mmoja. Haikurudi.

*Ting*.

Sijui ni pipa gani, na usiniandikie. Ulitoka ukaniuliza kwa sauti kubwa kama nimeshiba, mdomo wazi, ulimi mtupu, na watu wote wakakusikia. Hiyo inanitosha.

Meli haikungoja kuhesabu, na nyinyi mtakuwa mmeshajua mimi nikiwa bado kwenye maji. Akishinda Baba Mdogo, amekwisha kujua habari ya magogo na vile vilemba, na nadhani hatalala vizuri ghalani. Akishinda Fodali, mchukulie mbuzi hivyo hivyo.

Mimi gololi yangu nimekwisha kuiangusha. Pipa la manjano, lenye mtumbwi. Na Baba Mdogo alijua kabla ya kengele.

Nyima wako